Barua za Fundi Friji

Ofisini walimwita Breki, naye hakuwahi kulalamika, maana kusimamisha watu ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Kampuni yao ilituma barua pepe za jumla kwa niaba ya wateja: hospitali ikumbushe wagonjwa siku za kliniki, shule itangaze kufunguliwa, duka la viatu litangaze viatu. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba kila anayepokea awe amekubali mwenyewe. Anayevunja sharti hufungiwa akaunti, na mfungaji alikuwa Breki. Alikwisha kumfungia mchungaji, chama cha mabondia, na mama mmoja aliyekuwa akiwauzia mawigi watu wasiomjua, kisha akanywa chai yake na kuendelea na kazi.

Asubuhi hiyo malalamiko yaliyomfikia yalihusu barua iitwayo "Friji Yako Wiki Hii". Watu kadhaa walikuwa wamebonyeza kitufe cha kusema hii ni taka. Jina la barua alilijua. Mtumaji alikuwa baba yake mzazi.

Kwamba mzee anaandika barua, hilo alikuwa na habari nalo. Kwamba anaiandikia nusu ya mji, tena kupitia kampuni hiyohiyo, ndilo lililomtoa jasho. Mzee alikuwa fundi wa friji maisha yake yote, mpaka mikono ilipoanza kutetemeka akafunga karakana, mwaka uleule aliofiwa na mkewe. Tangu hapo, kila wiki aliamka mapema, akavaa shati la kazi, akakaa mezani kuwaeleza wateja wake wa zamani jinsi ya kufuta mpira wa mlango, au kwa nini chakula cha moto hakiingizwi ndani. Hakuuza kitu. Ila anwani alizitoa kwenye risiti za karakana, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa.

Mkuu wa kitengo, mtu mpole asiyepindisha jambo, alichungulia kompyuta ya Breki.

"Huyu vipi?"

"Baba yangu."

"Pole. Unamfunga wewe, au nimfunge mimi?"

Hapakuwa na la kubishania. Taka zikizidi, kampuni zinazowapokelea watu barua pepe huizuia seva nzima, mtambo unaotuma barua za wateja wote, na ukumbusho wa hospitali nao hutupwa. Mgonjwa wa sukari anakosa kliniki kwa ajili ya mpira wa friji. Breki mwenyewe ndiye aliyewahubiria wateja maneno hayo kila siku, na yalikuwa kweli. Akamfunga. Kisha akaomba ruhusa atoke mapema, maana habari kama hiyo haipelekwi kwa simu.

"Umenifunga?" mzee aliuliza.

"Kampuni imekufunga, baba."

"Kampuni ina vidole?"

"Nimekufunga mimi."

"Haya. Mtu nimeingia jikoni kwake, najua mpaka anachoficha nyuma ya maziwa, leo nimwombe ruhusa ya kumsalimia?"

"Ndiyo."

Mzee aliwasha redio, akaizima. Breki alimwonea huruma. Bila barua zile hakujua baba yake angeamkia nini asubuhi. Akamweleza njia pekee ambayo kampuni humwachia aliyefungiwa: barua moja ya kuwauliza watu kama wanataka kuendelea. Atakayebonyeza kitufe, abaki. Atakayekaa kimya, afutwe.

"Hata kama amesafiri?"

"Hata kama amesafiri."

"Hata kama anaumwa?"

"Kimya ni hapana, baba."

Mzee alitaka aanze na salamu, afuatishe pole kwa waliofiwa, amalizie kwa kuwakumbusha aliowatengenezea bure. Breki alifuta vyote. "Ukimkumbusha mtu fadhila, atabonyeza kwa haya," alisema. Ikabaki mistari mitatu mikavu kama notisi ya kukatiwa maji. Wakaituma, wakawapa watu wiki moja.

Wiki hiyo shati la kazi halikuvaliwa. Mzee alipiga simu kila siku kuulizia mambo mengine kabisa, bei ya vitunguu au afya ya mkuu wa kitengo, na kila mara Breki alimjibu kwamba bado. Aliogopa kweli. Aliwahi kuona maduka makubwa yakiuliza swali hilo na kubaki bila mtu.

Muda ulipokwisha alimfuata nyumbani. Kati ya watu zaidi ya mia nne, walibaki thelathini na mmoja. Maneno ya kumfariji alikuwa ameyapanga njia nzima, na hayakuhitajika. Mzee alivaa miwani, akawasoma mmoja mmoja kwa sauti.

"Huyu mama wa friji ya kijani. Huyu alikuwa anabishana bei mpaka chai inapoa. Kumbe ananisoma!"

Alifika mwisho, akarudi juu, akasoma tena.

"Wewe sikuoni," alisema.

"Mimi?"

"Ulikuwemo. Nilikuingiza wa kwanza kabisa."

Breki alicheka. "Baba, mimi ni mwanao. Nilijua sina haja ya kubonyeza."

"Na mimi nilijua hao ni wateja wangu."

Hakulisema kwa kisirani. Breki akaivuta kompyuta ajirudishe palepale, lakini mzee aliweka mkono juu ya kibodi.

"Usifanye kwa kunionea huruma. Mtambo wenu unanionyesha nani kafungua barua na nani hajafungua. Mwaka mzima wewe hujafungua hata moja. Nikanyamaza, nikasema ana kazi nyingi."

Breki aliona aibu, ile ya kushindwa pa kuweka macho. Akasema lililokuwepo.

"Friji yangu inavuja maji. Mwezi wa pili huu. Kila asubuhi nakanyaga dimbwi."

"Linaanzia chini ya droo ya mboga?"

"Hapohapo."

"Na hukuniambia?"

"Sikutaka kukusumbua."

Mzee alivua miwani.

"Nimeliandika hilo mara mbili," alisema. Kisha akaisukuma kompyuta upande wa Breki. "Andika anwani yako mwenyewe. Mimi siruhusiwi."