Sanduku la Kasilda

Sungura wawili waliingia mtaa wa Musinzira ndani ya kikapu chenye kifuniko, kimefungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, na siku ya tatu walikuwa bado humo humo. Kasilda alikuwa amechoka. Cherehani ilikuwa imemmaliza mgongo, maana shule zilikaribia kufunguliwa na nusu ya Gitega ilikuwa imekumbuka sare wiki ile ile. Mdogo wake Martha naye alikuwa amemchosha, kwa kurudi Tanzania kutafuta kibarua na kumwachia mtoto "kwa muda tu." Na sasa hawa sungura wa mtoto, ambao hakuna aliyemuuliza kama anawataka.

Mtoto mwenyewe, Jeska, mwenye miaka tisa, alikaa chini ameegemea ukuta, kikapu kati ya miguu, begi mgongoni. Tangu atoke kwao Butihinda, akapitia Muyinga mjini hadi hapa, begi hilo alikuwa akilivua wakati wa kulala tu.

"Watoe basi wanyooshe miguu," Kasilda alimwambia, mguu wake ukiwa bado kwenye pedali ya cherehani.

"Nikiwatoa watajificha, mama mkubwa. Mama akija ghafla kunichukua, hatutawapata."

Kasilda akaendelea kushona. Martha hakuwa amepiga simu tangu Jumapili.

Saa nne hivi akaingia jirani yake Kulthumu, muuza vitenge, mwanamke aliyefuga sungura sebuleni kwake tangu wanawe wakiwa wadogo. Alikuja kujaribu gauni. Badala yake aliinama, akainua kifuniko kidogo, akaona majani ya viazi vitamu yamenyauka bila kuguswa. Uso ukambadilika.

"Kasilda we, sungura isipokula siku mbili, c'est fini, imekwisha. Hizi ziko na woga tu. Utafute fasi ya giza, utie nyasi kavu, ziingie na zitoke zenyewe. Na we mutoto, usizishike na masikio. Ukae tu chini, zitakuya."

"Niwatafutie kartoni?" Kasilda aliuliza.

"Kartoni watamaliza kesho. Mbao. Na mbao pia watatafuna, usiniulize kiti yangu iko wapi."

Alipoondoka, Kasilda aliizungushia macho nyumba yake yote. Kitu cha mbao chenye giza ndani kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa chini ya kitanda.

Lilikuwa sanduku alilotoka nalo kambi ya wakimbizi Kigoma, miaka kumi na minne iliyopita. Siku mabasi yalipokuja kuwarudisha Burundi, aliyekuwa amefunga mzigo mapema alipanda na vitu vyake, na aliyechelewa alipanda na watoto tu. Kasilda hakuchelewa. Na tangu siku ile hakuwahi kulifungua sanduku ila kutoa cheti akihitaji cheti. Akiulizwa kwa nini, alisema nyumba ni ndogo.

Alilivuta mpaka katikati ya chumba, akatoa blanketi la kijivu, birika, vyeti ndani ya mfuko wa plastiki, na sahani sita za maua ambazo hakuna mgeni aliyewahi kuzitumia. Jeska alisogea kuangalia.

"Kumbe na wewe hujafungua mizigo," alisema.

Alisema bila ubaya wowote, lakini Kasilda aliona aibu. Siku tatu alikuwa amemnung'unikia mtoto huyu kwa begi lile.

"Mama anakuja lini?" Jeska aliuliza.

"Sijui, mwanangu. Ningekuwa najua ningekuambia."

"Na tukihamishwa?"

"Tutafunga upya. Kufunga mizigo ndiyo kazi ninayoijua kuliko hata kushona."

Alililaza sanduku kwa ubavu, kifuniko kikawa mlango, akatandika nyasi kavu. Jeska akafungua ukanda wa mpira, na kwa kuwa begi lilimzuia kuinama vizuri, akalivua na kuliweka kando.

Yule wa kijivu alitoka kwanza, tumbo likigusa sakafu, akaingia gizani. Mweupe akamfuata. Mtoto na mama mkubwa wake walibaki wamekaa chini. Kasilda alikuwa na sahani sita mapajani na hakujua aziweke wapi. Miaka kumi na minne hakuwahi kununua kabati. Machozi yalimtoka, akayaacha, kwani hakuwa na nguvu ya kuyafuta.

"Ziweke dirishani," Jeska alisema.

Nyasi zikaanza kuchakarika ndani ya sanduku. Baadaye ikaja sauti nyingine, kavu, ya meno. Jeska akainama kuchungulia.

"Mama mkubwa, anatafuna sanduku lako. Pale pembeni, ametoboa tayari."

"Mwache ale," Kasilda alisema.