Chini Hakulaliki

Mshonaji alikuwa akipiga pasi kola ya koti zito la sufu, jasho likimtiririka, pale marehemu mumewe aliposukuma mlango, akijipepea kwa ncha ya sanda.

"Hodi," akasema akiwa kashaingia, kama kawaida yake.

"Karibu. Mbona umeamka?"

"Chini hakulaliki, mama watoto. Joto."

Akampa maji. Akanywa, akaomba tena.

Sababu haikuwa siri. Ofisi mpya ya vioo, ng'ambo ya ukuta wa makaburi, ilifukia mabomba ardhini. Maji yalizunguka humo, yakabeba joto la ofisini, yakalimwaga udongoni, yakarudi yamepoa. Ofisini kukawa baridi, hata wakubwa sasa walishonesha makoti ya kuvaa mezani. Uwanja wao walitaka uwe bustani, basi mabomba wakayapitisha chini ya makaburi. Walisema huko hakuna wa kulalamika.

Mshonaji akachomoa pasi, akamshika mumewe mkono, wakaenda.

Binti wa mapokezi akamwamkia marehemu shikamoo, akamwomba akung'ute miguu. Meneja akawapokea kwa adabu, skafu shingoni.

"Pole, mzee. Lakini mfumo wetu hautoi moshi. Haumdhuru mtu."

"Na huyu ni nani? Mbuzi?" mshonaji akafoka.

"Nasema walio hai, mama."

"Alipokuwa hai alijenga nyumba za watu juani, yeye mwenyewe hana kivuli! Siku ya kumzika nilimwambia kapumzike. Na pumziko hilo nalo mmelitaka? Hamna haya!"

Meneja akaahidi kulifikisha juu.

"Wanasema aliye juu mngoje chini," marehemu akasema. "Nimengoja, nimeiva."

Kisha akasinzia kwenye kochi, chini ya tundu la hewa baridi, akakoroma. Mshonaji hakuwa amemwona akilala vizuri hivyo tangu amzike. Mlinzi akaja, akamgusa bega taratibu. Kochi lilikuwa la wageni wa ofisi.

Mabomba hayakuhamishwa. Majirani nao walianza kutandika mikeka sebuleni, kila mmoja kwa marehemu wake.

Mshonaji alimwachia mumewe kitanda, akasogeza cherehani karibu. Miguu ilikanyaga pedali, mkono mmoja uliongoza kitambaa, wa pili ulipepea kipande cha boksi. Akiacha kupepea, marehemu anafumbua macho.

"Hilo koti ni la nani?" akauliza.

"La meneja. Kasema niongeze bitana, baridi imezidi. Lala, baba watoto."