Wimbo wa Ziwa Lililoganda

Colombe Vaillancourt alikubali kurekodi albamu ya nyimbo za majira ya baridi kwa sharti moja: asizungumze na Fernand Gingras, kiongozi wa okestra, ila kwa jambo la kazi. Huguette, mtayarishaji, aliitikia haraka, maana okestra ilikuwa imeshakodiwa, na Montreal nzima hakuna aliyejua kupanga fidla nyuma ya sauti ya jazi kama Fernand. Colombe mwenyewe alilijua hilo, na lilizidi kumuudhi.

Miaka sita nyuma, Fernand na Ovila, mumewe Colombe, walitoka kwenye kibanda chao cha kuvulia samaki katikati ya ziwa lililoganda, wakapanda pikipiki moja ya theluji. Barafu ikapasuka. Fernand alirudi akitembea. Ovila alitolewa kesho yake. Mazishini Fernand hakuonekana, simu hakupiga, hata ua hakutuma.

Sasa walikuwa chini ya paa moja, ndani ya kanisa la zamani lililogeuzwa studio.

"Unapunga hicho kijiti kama unafukuza nzi," Colombe alimwambia siku ya kwanza, wanamuziki wote wakisikia.

"Nakupungia uingie. Umechelewa."

"Sijachelewa. Wewe ndiye uliyekimbia. Kukimbia unakujua."

Wapiga fidla waliinamia karatasi zao za nota kana kwamba wamedondosha kitu humo.

Wakaendelea hivyo hivyo, wimbo baada ya wimbo, mpaka wakafika kwenye ule ambao Colombe aliutungia maneno mwenyewe: mwanamke yuko dirishani, theluji inaanguka, mtu wake hafiki. Fidla zilianza polepole, nyororo, na Colombe akaingia vizuri. Katikati, mpiga ngoma akagonga kitu kikavu, mara moja, kisha besi zote zikateremka pamoja hadi chini kabisa.

Colombe alivua vipokea sauti masikioni. Alizaliwa kando ya ziwa. Mlio ule aliujua tangu utotoni.

"Fernand, hicho nini?"

"Ni barafu."

"Barafu ipi?"

Fernand aligeuza ukurasa wa nota zake.

"Nakuuliza, bwana wee! Barafu ipi?"

"Unaijua."

"Umemfanya mume wangu mdundo wa ngoma?"

"Mlio huo nalala nao, naamka nao. Ulitaka niupeleke wapi?"

"Ubaki nao kwako! Miaka sita hukuniletea neno moja, leo unaniletea mlio?"

Huguette alitoka mbio nyuma ya kioo. "Colombe, dada yangu, twende tukanywe kahawa kwanza."

"Kanywe wewe. Huyu haondoki hapa mpaka aseme."

Fernand aliweka kijiti chake chini. Alisema akiitazama sakafu.

"Nilimshika mkono wa koti. Nilikuwa nimelala kifudifudi. Barafu ikaanza kulia chini ya tumbo langu. Nikaachia."

"Alikuwa amezimia?"

"Hapana. Alikuwa ananitazama."

Colombe alikuwa ameamini kwamba siku atakapoambiwa ukweli atalia, na akishalia atapata nafuu. Chozi halikuja. Hasira iliyokuwa ikizurura ndani yake miaka yote ile ilipata mahali pa kukaa.

"Wapumzishe wote, wewe urekodi," alimwambia Huguette. Kisha akamgeukia Fernand. "Wewe kaa kwenye piano. Mimi na wewe tu."

"Colombe, sasa hivi nitakosea."

"Kosea hivyo hivyo. Piga."

Alipiga. Mwanzoni alikosea, akarudia, akakosea tena, na Colombe hakumsubiri. Aliimba chini, kwa sauti kavu isiyobembeleza mtu. Alipofika mahali pa ule mlio, akanyamaza. Fernand akabaki ameshikilia sauti ya piano, hajui mwimbaji ataingia lini, mpaka sauti ile ikafifia yote na pale kukawa kimya kitupu. Colombe akamwacha humo. Kisha akaendelea kana kwamba hajali kama piano itamfuata.

Walipomaliza, Fernand alisimama. "Nisamehe."

"Hapana."

"Hata baadaye?"

"Umesema, nimesikia. Kesho asubuhi tuna nyimbo mbili. Uje na fidla zilizonyooka, bila barafu."

Albamu ilitoka Novemba. Watangazaji wa redio waliupenda ule wimbo wa piano kuliko zote za okestra, wakasema kimya cha katikati kinawasisimua. Siku ya uzinduzi Huguette alijaribu kuwaweka wawili hao kwenye picha moja. Colombe alichukua koti lake akaondoka watu wangali wanapiga makofi.

Aliendesha gari mpaka kwa mama yake Ovila, bibi wa miaka themanini na kitu aliyeishi peke yake nje ya mji. Alimweleza yote, bila kupunguza, wakiwa bado wamesimama mlangoni.

"Kwa hiyo alikuwa macho," bibi alisema.

"Alikuwa macho, mama."

Bibi alifunga mlango kuzuia upepo. Alikaa kwenye benchi la viatu, akavua miwani, akaifuta kwa aproni kwa muda mrefu.

"Mwanaharamu yule," alisema hatimaye. "Vua buti, mwanangu. Kuna supu ya njegere jikoni."

Wakala, na hakuna aliyelitaja tena jina la Fernand.