Kura Tatu za Baba

Sitaki kudanganya. Mwaka 2015 nilipokwenda kujiandikisha, hakukuwa na mtu hata mmoja niliyetaka kumchagua. Nilitaka kizimba. Pale Tunduma soko lilikuwa linagawa vizimba vipya, na tangazo lilisema kila mwombaji alete kopi ya kadi ya mpiga kura. Mimi nilikuwa nauza mchele wa Kamsamba kwenye kibaraza cha duka la watu, na kila mwenye duka alipokuja kufungua mlango nilinyanyuka na gunia langu kama mtu aliyekutwa anaiba.

Uandikishaji ulikuwa wa siku saba. Siku sita za kwanza nilikwenda, nikaona foleni, nikapitiliza kama mtu anayekwenda dukani. Ili nisionekane mwongo, nilinunua chumvi. Kufikia siku ya sita nyumbani tulikuwa na chumvi ya kukaushia ng'ombe mzima.

Siku ya saba Shani, jirani yangu anayeuza vitumbua, alinishika mkono akaniingiza kwenye foleni mwenyewe.

"Leo hununui chumvi," alisema. "Simama hapa. Mimi niko nyuma yako."

Kituo kilikuwa kwenye darasa la shule ya msingi. Mara ya mwisho kuingia darasani nilikuwa la tano, na nitaeleza baadaye kwa nini niliishia hapo. Mezani kulikuwa na ile mashine ya kupiga picha na kuchukua alama za vidole. Mwandikishaji alikuwa kijana wa Kisukuma anaitwa Ngusa, ambaye wazazi wake walishuka bonde la Momba na ng'ombe miaka ya tisini. Pembeni yake, kwenye benchi moja, walikaa mawakala wawili wa vyama viwili: Barnaba, mzee mwenye kofia, na Ketrina, mama mwenye kitenge na sauti ya kuitia watu walio ng'ambo ya mto. Vyama vyao sitavitaja. Siku hizi watu wanahama, nisije nikakosea.

Nilifika mezani saa kumi na moja kasoro. Kituo kinafungwa saa kumi na mbili.

"Jina?"

"Enesi Anania Simfukwe."

"Dada, ongea na mimi, usiongee na kifua chako."

Nikarudia.

"Umezaliwa wapi?"

"Mpemba, kijiji cha hapo jirani."

"Umewahi kujiandikisha?"

"Hapana."

"Una uhakika? Kutoa taarifa za uongo ni kosa."

Nikaogopa. Na nikiogopa, kinachonitoka mdomoni ni kile ninachokisema kutwa nzima. Kutwa nzima nauzia watu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, nao nawajibu kwa heshima ya kwao.

"Eya mukwai," nikasema, yaani ndiyo, mheshimiwa.

Barnaba aliinua mkono kabla sijafunga mdomo. "Pingamizi! Huyu ni Mzambia."

"Barnaba," alisema Ketrina, "kwako kila binti mzuri ni Mzambia."

"Mzuri au mbaya, kadi ni ya Mtanzania."

Sijawahi kuitwa mzuri mbele ya watu sitini. Nilitamani wabaki kwenye jambo hilo kidogo, lakini wakaendelea na uraia.

Ngusa akauliza mwenyekiti wa mtaa yuko wapi anitambue. Akajibiwa amekwenda msibani Mlowo. Shani akasema ananijua, Barnaba akasema Shani naye anauza vitumbua kwa kwacha ya Zambia, hawezi kuwa shahidi.

"Basi mzazi," alisema Ngusa. "Baba yako yuko hai?"

Baba yuko hai sana. Wakati ule alikuwa Mpemba kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio, robo saa kwa bajaji.

"Hayupo," nikasema.

Sasa nieleze. Baba yangu amegombea ubunge wa jimbo letu mara nne, 1995, 2000, 2005 na 2010, kwa vyama vidogo vinne ambavyo kimoja kilikuwa na bendera lakini hakikuwa na mlingoti. Mbali huko, vijijini ambako hawamjui, alikuwa anaokota kura hizi na hizi. Lakini kwenye kituo chetu cha Mpemba, ambako kila mtu anamjua, alipata kura mbili. Mwaka 1995 mbili, mwaka 2000 mbili, mwaka 2005 mbili. Yake na ya mama. Matokeo yanabandikwa ukutani, na watoto wanajua kusoma. Shuleni wakaanza kuniita Kura Mbili. Mwalimu akiuliza "moja na moja ni ngapi?" darasa zima linanigeukia. Nikamwambia mama tumbo linauma. Tumbo hilo linauma hadi leo, ndiyo maana la sita sijalifika.

Mwaka 2010 nilikuwa na miaka kumi na tisa, na baba akasema, "Mwaka huu tuko watatu." Nilikwenda kujiandikisha, nikaona foleni, nikarudi na chumvi. Nikamwambia nimeandikishwa. Siku ya uchaguzi nilivunja peni nyuma ya nyumba, nikapaka kidole wino, nikamwonyesha. Nikasubiri jioni nikiwa na homa ya kweli. Jioni matokeo yakabandikwa: kura tatu.

Baba alinichinjia jogoo. Nilimla, nikijiuliza kila finyango ni ya nani.

Kwa hiyo mnaona kwa nini baba alikuwa hayupo. Akija, ataambia dunia nzima kwamba nilijiandikisha 2010, wakati mimi nimetoka kusema sijawahi. Na kabla ya hapo atahutubia.

"Tufanye hivi," alisema Ngusa, akiangalia saa. "Nikuulize mambo ya hapa. Jimbo hili limekuwa na wabunge gani?"

Hilo ndilo swali ambalo hakupaswa kuniuliza. Miaka yote baba alifanya mazoezi ya hotuba zake kibandani mbele yangu, mimi nimemshikia redio iliyofunguliwa, na hotuba zake zote zinaanzia mwaka 1985. Nikafungua mdomo, na aliyetoka alikuwa baba.

Nikasema kwamba mwaka 1985 jimbo lilikuwa kubwa, kutoka barabara kuu mpaka kwenye mpunga bondeni, chama kilikuwa kimoja na wagombea wawili, mmoja alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Kwamba watu walichagua nyumba kwa kuamini wataletewa bati. Kwamba mwaka 1990 walichagua jembe kwa sababu bati hazikuja. Kwamba mwaka 1995 vyama vilikuwa vingi na akapita yule mrefu aliyeahidi visima, na mwaka 2000 alirudi akatuomba tumkumbushe alichoahidi, akapita tena. Kwamba mwaka 2005 alishinda yule aliyekuwa analia jukwaani, na mwaka 2010 alishindwa, akalia kweli. Nilitaja majina yao, ya baba zao na vijiji vya wake zao. Nilipofika kwenye jimbo kukatwa vipande nilikuwa nimeinua kidole kimoja juu, kama anavyofanya baba. Nikakishusha.

Nyuma ya foleni mtu mmoja alipiga makofi mawili, akaacha.

"Mmesikia?" Barnaba alisimama. "Huyu amefundishwa! Mimi nimezaliwa Mpemba, nimezeekea Mpemba, na mbunge wa mwaka tisini simkumbuki."

"Humkumbuki kwa sababu ulikula kwa wa jembe na kwa wa nyumba," alisema Ketrina. "Na wewe binti umekosea. Wa mwaka 1995 hakuwa wa visima, alikuwa wa daraja."

"Visima," alisema Barnaba.

"Daraja! Nilimpigia vigelegele mwenyewe."

"Basi ulipigia visima vigelegele."

Ngusa alikuwa anawageukia huyu na huyu. Kumbe yeye mwenyewe alikuwa hana majibu. "Mimi nilikuja hapa mwaka 1998," alisema polepole.

"Na ng'ombe mia!" akasema mtu kwenye foleni. "Nani aliwatambua ng'ombe wako, Ngusa?"

Watu wakacheka, na mimi nikaona mlango. Nikaanza kurudi nyuma taratibu, nikifikiria kibaraza changu kwamba hakikuwa kibaya kiasi hicho. Nikamkanyaga Shani.

"Unakwenda wapi? Nimeshampigia simu baba yako. Amesema anavaa koti."

Koti la baba ni la kampeni. Akishalivaa hawezi kusema jambo moja tu.

Aliingia zikiwa zimebaki dakika ishirini. Aliwapungia watu wa foleni, akawasalimia mawakala kwa majina, akasimama pale ambapo mwalimu husimama.

"Ndugu wananchi," alisema. "Mwaka 1985 jimbo hili..."

"Mzee," alisema Ngusa, "huyu ni mwanao?"

"Huyu?" Baba aliniwekea mkono begani. "Huyu ni zaidi ya mwanangu. Huyu ni mpiga kura wangu! Mwaka 2010, watu wote wa Mpemba waliponikimbia, binti huyu alijiandikisha, akapanga foleni, akanipigia kura ya tatu."

Peni ya Ngusa ilisimama.

"Dada. Umeniambia hujawahi kujiandikisha."

"Mnaona?" alisema Barnaba. "Kama ana kadi ya zamani, iko wapi? Upande upi wa mpaka?"

Nilihesabu njia zangu. Nikisema baba anasema kweli, nitadaiwa kadi ambayo haipo, na nitakuwa nimeshakiri uongo kwenye fomu ya serikali. Nikisema baba amezeeka na anachanganya mambo, nitamwaibisha akiwa amevaa koti. Nikisema kweli, ninampokonya kura. Alikuwa nazo tatu tu. Nilimwangalia. Alikuwa anatabasamu, anangoja nithibitishe, mkono wake mzito begani kwangu. Nilifikiria mwenye duka akija na funguo zake kesho asubuhi.

"Baba," nikasema. "Sikupiga."

"Hukupiga nini?"

"Kura. Sikujiandikisha. Niliona foleni nikarudi."

"Ulinionyesha kidole."

"Ulikuwa wino wa peni."

Mara hii hakuna aliyeniambia niongeze sauti. Hata waliokuwa nje dirishani walisikia. Baba aliondoa mkono begani kwangu, akaanza kufunga vifungo vya koti, akamaliza, akavifungua.

"Nilikuchinjia jogoo," alisema.

"Nisamehe, baba."

"Jogoo yule alikuwa wa mbegu." Kisha nikaona midomo yake inahesabu. "Lakini zilikuwa tatu. Nilizisoma ukutani mwenyewe. Yangu, ya mama yako. Ya tatu ya nani?"

Ketrina alikuwa wa kwanza kugeuza shingo.

"Barnaba, mbona unatoka jasho?"

"Darasa lina joto."

"Barnaba! Mwaka 2010 ulikuwa wakala wa chama chako kituo hicho hicho."

"Kura ni siri, Ketrina."

"Mungu wangu, ni wewe!"

"Nimesema kura ni siri!" Barnaba alivua kofia, akaivaa tena. Alisema akiiangalia mashine, si sisi. "Mtu anagombea miaka kumi na tano anapata mbili. Mtu wa kwenu. Unampita kibandani kila siku asubuhi. Nikasema leo nimwongezee moja, itaniua? Chama changu kilikuwa kinashinda vyovyote." Kisha akamgeukia Ngusa kwa ukali. "Andika! Pingamizi naliondoa. Ni mtoto wa Anania huyu, amekua tu nikampotea. Hakuna Mzambia anayeweza kujitafutia fedheha ya namna hii kwa ajili ya kadi."

Ngusa akaandika. Nilikalishwa mbele ya kamera. Nilikuwa nalia kidogo, akaniambia nifute machozi, mashine haitaki uso unaong'aa. Vidole vyangu vilibonyezwa kimoja kimoja.

Nilidhani nikigeuka nitamkuta baba amekwenda. Nilimkuta amekaa kwenye benchi kati ya mawakala wawili, amemshika Barnaba mkono, hataki kuuachia.

"Mtu wa nje," alikuwa anasema. "Mtu nisiyemlisha. Miaka ishirini naomba, Barnaba! Kura ya mtoto ni mboga ya nyumbani, nani atajisifia hiyo? Lakini wewe! Chama kingine! Kama ulinipa wewe, wangapi walitaka wakaogopa?"

"Anania, ilikuwa moja tu."

"Ndiyo mwanzo. Nakosea wapi? Nilianza na mbili, nikafika tatu. Na sasa jimbo limekatwa, limekuwa dogo." Akainuka, macho yake yakiwa kama ya mtu aliyepona. "Bwana Ngusa, fomu za ubunge zinachukuliwa wapi?"

"Mzee, hapa tunaandikisha wapiga kura tu."

"Enesi," baba alinigeukia, "kadi yako ya kweli?"

Nikamwonyesha. Kwenye picha nilikuwa nimefumba macho. Aliigeuza, akaisoma mbele na nyuma, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Safari hii nitakusindikiza mpaka mlangoni," alisema.

Kizimba nilikipata, cha pembeni, karibu na wauza maharage. Sikukaa nacho peke yangu hata wiki moja. Baba alikuja na gundi na mabango yake, akasema mahali penye mchele watu hawakosi, akanibandikia matatu mbele na moja ubavuni. Kwenye picha amevaa koti. Wateja wakiinama kuangalia mchele wanakutana naye kwanza.

Siku moja, kampeni zikiendelea, mama mmoja wa Nakonde alimwangalia muda mrefu.

"Huyu nani?"

Zamani ningesema simjui, nimekuta amebandikwa.

"Baba yangu. Anagombea ubunge."

"Atashinda?"

"Hashindi," nikasema. "Nikupimie kilo ngapi?"