Duara la Mivumu

Mwaka 1991 Kibagabaga ilikuwa bado mlima wa maharage na mtama. Christella, mzaliwa wa Nyamirambo, mtaa wa mjini unaosema Kiswahili, aliolewa huko na mkulima aitwaye Kabera, na kilichomshangaza kwanza ni lile duara la mivumu katikati ya shamba. Ilikuwa miti mizee, jamii ya mkuyu, mashina yamesogeleana mpaka mengine yamegusana, na ndani yake nyasi tupu. Ardhi ilikuwa haba, majirani waligombania hata vijia vya mpakani, lakini pale jembe halikuingia.

"Mabukwe, kwa nini hatulimi pale?" alimuuliza mama mkwe wake, Nyirarukundo.

"Hapalimwi."

"Naona. Lakini kwa nini?"

"Nilipoolewa nilikuta hapalimwi. Sikuuliza."

Majirani nao, mmoja alisema pamezikwa mtu, mwingine akasema pana nyoka. Kabera alichoshwa na maswali hayo. "Msimu ujao naikata," alisema. "Kivuli kinaniulia maharage."

Christella alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alifundisha pamoja na Sista Nuala, mtawa wa Ayalandi aliyewahi kukaa Tabora, na Kiswahili ndicho kilichowafanya marafiki. Siku Sista alipokuja kumtembelea, aliliona lile duara akasimama, hata salamu akaisahau.

"Nani aliishi hapa?"

"Ni miti tu, Sista."

"Shambani kwa baba yangu kiko kitu kama hiki. Kule ni tuta la udongo, limezunguka hivi hivi. Watu walikaa ndani na ng'ombe wao, zaidi ya miaka elfu iliyopita. Baba analima kwa trekta, lakini akilifikia anazunguka."

"Anaogopa nini?"

"Wanasema wamo viumbe wadogo wasioonekana. Ukiwabomolea, mifugo yako inakufa. Baba anacheka akisimulia." Sista naye akacheka. "Lakini anazunguka."

Christella aliitazama ile miti upya. Kama watu waliishi ndani, walipitia wapi? Wakaizunguka, wakisukuma vichaka kwa mikono, mpaka upande wa bondeni wakakuta pengo ambamo ng'ombe wangepita bila kusukumana. Hapo Christella akakumbuka uzio wa nyuma ya jiko. Kabera alichomeka kigingi kibichi cha mvumu, mvua ikanyesha, kigingi kikatoa majani.

"Sista! Hawakupanda miti hawa. Walijenga uzio, uzio ukaota!"

Kabera aliporudi aliwakuta ndani, wamepiga magoti, wanafukua kwa kijiti.

"Mnatafuta dhahabu?"

Christella alimpa nusu ya jiwe la kusagia, katikati limelika kwa kutumika. Kabera aliligeuza, akapitisha kiganja chake palipolainika. Kisha akatoka, akaingia tena kwa lile pengo, taratibu, kama mgeni.

"Mwanamke fulani alisaga mtama hapa," alisema. "Ni nani?"

Nyirarukundo, aliyesikia sauti zao, alikuja mpaka penye pengo. Hakuwahi kukanyaga ndani maisha yake yote. Alivua kandambili, akavuka, akasimama akiangalia juu penye matawi.

"Muulize Sista," alimwambia mkwewe, maana Kiswahili hakukijua, "huko kwao mlango unaelekea wapi?"

"Mara nyingi mashariki," Sista alijibu. "Jua linakotoka."

"Wa hapa unaelekea kwenye maji," alisema bibi, kwa sauti ya mtu anayewaza bado.

Msimu ulipofika, Kabera alipanda juu ya miti na panga, akapunguza matawi ya upande wa maharage, mashina akayaacha. Wapo waliomcheka. Maharage hayakutoka mengi wala machache kuliko msimu uliopita.

Jumapili moja baada ya misa, Christella na Sista waliteremka bondeni wakapanda mlima wa ng'ambo, kwa sababu kutoka pale penye duara walikuwa wameona vilele vya mivumu mingine, imesogeleana vilevile.