Jina Juu ya Farasi wa Kijivu

Kazi yangu ni kuifundisha kompyuta kuona. Wenzangu ofisini Bishkek, mji wetu mkuu, wanaifundisha kufuata mpira, kitu cheupe, chenye adabu zake. Mimi nilichagua kok-boru, mchezo wetu wa kunyang'anyana mzoga wa mbuzi juu ya farasi, halafu nikataka kamera zinitajie nani ni nani ndani ya lile vumbi. Nilijitakia mwenyewe.

Siku hiyo tulikuwa malishoni, milimani juu ya mji wa Naryn, kwenye karamu ya mwaka tangu tumzike mdogo wangu Akylbek. Baba alitaka mchezo, maana Akylbek aliupenda kuliko kula. Alitaka mila nayo ifuatwe: mchezo ukiisha, farasi wa marehemu achinjwe, wageni wale. Nilimsihi sana amwache Kokjal, yule wa kijivu aliyezoea kuja kunusa mifuko yetu.

"Farasi ana mwenyewe," baba alinijibu. "Mwenyewe hayupo. Nimwekee nani?"

Nilikuwa na hasira naye, na nilimwonea huruma pia.

Binamu yetu Taalai ndiye aliyempanda Kokjal kwa mara ya mwisho. Ukungu ulishuka mlimani ukachanganyika na vumbi, farasi wakawa wanaelea bila miguu. Kwenye kitambaa kikubwa tulichotundika ubavuni mwa lori, picha za kamera zilionekana, na majina yakapepea juu ya vichwa vya wachezaji. Kokjal akachomoza na mzoga ubavuni. Juu ya Taalai pakaandikwa: Akylbek.

Mama aliweka bakuli lake la maziwa chini, taratibu, asimwage hata tone.

Nilielewa papo hapo. Picha za kuifundishia kompyuta nilizitia majina mimi mwenyewe, na kwetu mtu akiwa mbali humtambui kwa uso, unamtambua kwa farasi wake. Nilikuwa nimewatia farasi majina ya watu. Kosa halikuonekana kwa sababu kila mtu alipanda wake.

"We Aizirek!" Baba mdogo Toktosun alifoka, kisu kiunoni. "Zima hilo dubwana! Linaita maiti!"

"Liache," baba alisema, bila kugeuka.

Basi tukatazama. Jina lilizama chini ya farasi, likaibuka, likapinda kona kwa ule ujeuri wa Akylbek. Nilijua ni hesabu tu, nilizipanga mwenyewe. Hata hivyo nilimwona mdogo wangu, na nilifurahi mno.

Filimbi ilipolia, Taalai aliruka chini akakimbilia wenzake. Baba mdogo akaja na kamba.

"Kaka, tumfunge?"

Baba alikuwa bado anatazama kitambaa. Pale Kokjal aliposimama peke yake, jina lilikuwa limetulia juu ya mgongo wake.

"Toktosun, huna macho? Mtu bado yuko juu. Utamchinjaje farasi, mtu hajashuka?"

"Kaka, hiyo si mashine tu?"

"Mashine ya binti yangu, na shule kasoma. Lete yule farasi wangu mwekundu."

"Haya bwana! Siku hizi ruhusa ya kuchinja tunaomba kwa kompyuta," baba mdogo alinung'unika, wazee wakacheka. Mama hakucheka. Alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na wanawake wakamzunguka.

Baba akaja mezani kwangu, penye kompyuta, kofia mkononi.

"Imekosea, sivyo?"

"Imekosea, baba. Inamjua farasi, mtu haimjui."

Akanishika bega.

"Sasa mwambie ashuke, mwanangu. Amechoka."

Nikafuta jina. Baba akavuka uwanja, akamfungua Kokjal tandiko kwa mikono yake. Farasi akajitikisa mwili mzima, akainama kula majani.