Jina la Kupeleka Nyumbani

Asubuhi Bi Sihaba alikiacha kiboksi juu ya meza ya Ghalib, katika ofisi yake hapa jengo la Tianxiu, ughaibuni. Sasa meza ilikuwa na vikombe vya chai vitupu, na begi la Ghalib lilikuwa limefungwa mlangoni. Kama kiboksi kimeingia humo au kimewekwa kando, hakuthubutu kuuliza.

Ndani yake mlikuwa na viatu vya chuma vya mjukuu wake, aliyezaliwa na nyayo zilizopinda. Kesho kule Unguja mtoto angefunguliwa plasta, na daktari alikwisha sema asipovishwa viatu hivyo mara moja, nyayo zitarudi kulekule. Meli ingechukua zaidi ya mwezi. Ghalib alikuwa anaruka kwenda nyumbani jioni hiyo kutoka uwanja wa ndege wa Baiyun.

Lakini kwanza tawi la chama chao lilipaswa kumkabidhi jina. Chama kilikuwa kinamteua mgombea wake wa urais, na Ghalib ndiye mjumbe wao mkutanoni. Wote mle ofisini walikuwa watu wa msimamo wa zamani, wasiopenda mabadiliko ya pupa. Hata hivyo walikuwa wamegawanyika kati ya Marijani na Nahla, na sauti zilianza kupanda.

"Ni Marijani," alisema Ghalib. "Miaka yote hii yuko palepale. Hajayumba."

"Hata hii meza haijayumba," alisema Shamsia, muuza vitambaa. "Tuipe urais?"

Dullah, wakala wa mizigo, hakucheka. "Nahla ana haraka, dada. Juzi tu kaingia kamati kuu, leo anataka kugusa mpaka katiba ya chama. Huyo mhafidhina gani?"

Kariuki, Mkenya wa ofisi ya jirani, alikuwa amekuja kuomba maji ya moto. "Kwetu tungekuwa tushahama chama mara mbili kabla hiyo chai ipoe."

"Ndiyo maana hatukuulizi," Ghalib alimjibu, na Kariuki akatoka na birika lake taratibu.

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Mitatu ikapanda kwa Marijani, mitatu kwa Nahla. Bi Sihaba alikuwa bado ameshika kikombe.

"Tunakungoja wewe, Bi Sihaba," Ghalib alisema. "Wewe ni mtu wa desturi." Macho yake yakapita kwenye begi, au pengine ni Bi Sihaba tu aliyeona hivyo.

"Mwenzetu Najat alipougua hapa," alisema polepole, "tulimpigia Marijani. Katibu wake akatuambia tuandike barua. Nahla alipokea simu mwenyewe, akahangaika mpaka mwenzetu akapata ndege, akafia mikononi mwa mama yake. Mimi mambo mapya siyapendi, mwanangu. Lakini kumrudisha mgonjwa kwao ni desturi ya kale kuliko chama."

Akanyoosha mkono kwa Nahla.

Ghalib aliandika jina. Dullah akaondoka bila kuaga. Wengine wakafuata, na chini barabara ya Huanshi ikasikika ikinguruma. Bi Sihaba akakusanya vikombe.

"Ghalib," alisema mwishowe, "kama kile kiboksi kinakuelemea, nipe. Nitatafuta mtu mwingine."

"Umpate wapi saa hizi?" Alikuwa amekasirika kwelikweli, shingo imemvimba. Akalilaza begi, akafungua zipu kwa nguvu. Chini kabisa, mbali na pembe za begi, kiboksi kilikuwa kimeviringishwa ndani ya kanzu yake nyeupe ya mkutanoni. "Nimekifunga tangu asubuhi. Usinipangie mzigo wangu."

Bi Sihaba akavitua vikombe.

"Na jina la Nahla nitalifikisha," alisema akivuta zipu. "Nitalisoma kama mlivyonipa. Kulipigia debe, usinitegemee."

"Sikutegemei kwa hilo, baba."

Akamshikilia mlango. Ghalib akapita na begi bila kumtazama, ila penye kizingiti alilinyanyua kwa mikono miwili, lisigonge.